Gari la Wakwe Lilipozimwa

Ralaivao, fundi magari wa mtaa wa Ambanidia, hakupenda kelele za injini. Ukimpelekea gari lako likiwa linaunguruma, aliinua kiganja kama anayemnyamazisha mtoto mezani, akakwambia neno moja tu: "Zima." Ukianza kumweleza kwamba linagonga, kwamba linakohoa, kwamba jana lilikufanyia hivi na juzi vile, kiganja kilibaki juu mpaka na wewe ukazima. Hapo alisogeza kigoda chake karibu na boneti, akaketi, akafumba macho. Majirani walijua kwamba kwa dakika kumi zinazofuata hakuna ruhusa ya kupitisha mkokoteni njia ile.

"Likiwa safarini kila gari linajisifu," alikuwa akisema. "Lizime, liache peke yake, utasikia linavyojililia."

Ujuzi huo hakuupata gereji. Aliupata jikoni kwa mama yake, ambaye macho yalimpotea mapema na akawa anapika kwa masikio. Wali ukishaepuliwa, sufuria haliachi kusema. Kwanza linafoka haraka haraka, kisha linatulia, kisha ukoko unaanza kuachia chini, tiki, tiki, na hapo ndipo pa kutia maji juu yake ili upate maji ya ukoko ya kushushia chakula. Ukitia mapema unapata uji. Ukichelewa unapata uchungu ambao hata mgeni mwenye adabu anautemea dirishani. Ralaivao aliwekwa zamu ya kusikiliza akiwa na miaka minane, na kila alipokosea alikunywa makosa yake mwenyewe. Miaka mingi baadaye, alipokaa kwa mara ya kwanza karibu na lori lililozimwa, alilitambua mara moja: lilikuwa sufuria la mama yake, kubwa kidogo na lenye magurudumu.

Basi akawa fundi wa ukimya. Dereva wa teksi akija na hofu kwamba gari lake linalia tiki tiki kila akilizima, Ralaivao alimwambia ni bomba la moshi linapoa, nenda zako, hata wewe mifupa inalia ukilala. Mchungaji alipokuja na gari lake jipya ambalo feni yake iliendelea kuzunguka baada ya ufunguo kutolewa, alimwambia halina ugonjwa wowote, ndivyo lilivyofundishwa. Mchungaji hakuridhika. Alikwenda kwa fundi mwingine, ambaye kwa bahati nzuri alilikuta na ugonjwa. Lakini kulikuwa na siku Ralaivao alisikia maji yakitokota taratibu ndani ya rejeta, akashika mkono wa mwenye gari aliyekuwa anataka kufungua kifuniko, akamkalisha chini mpaka chuma kikapoa. Na kulikuwa na teksi ya Solofo, ambayo ukiizima inaendelea kutetemeka na kupiga kwikwi nusu dakika nzima kama mlevi anayeambiwa baa imefungwa. Hiyo aliisafisha masizi ndani ya silinda, ikajifunza kulala ikiambiwa lala.

Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa kubwa: alichosikia hakuweza kukimeza. Mkewe Vololona alisema masikio ya mume wake na mdomo wake vimeunganishwa kwa mpira mmoja usio na bomba la kufungia.

Kasoro hiyo ilimgharimu binti yake posa. Miaka miwili nyuma walikuja watu kumposa Haingo, watu wa maana, na baba wa kijana alifika na gari linalong'aa hata kuku walijitazama kwenye mlango wake. Wageni walikuwa bado hawajavua kofia. Ralaivao akasimama kizingitini, kichwa ameinamisha, akasikiliza mapovu yanavyopanda ndani ya chupa ya maji ya gari lile, kisha akauliza kwa upole kabisa gasketi ya injini imeungua tangu lini. Kumbe katika msafara ule alikuwamo shemeji yao ambaye Jumatatu ilikuwa alinunue gari lilelile, na alikwisha kuhakikishiwa kwa viapo kwamba halijawahi kuchemsha hata siku moja. Watu walirudi kwao kwa magari mawili tofauti, na kijana hakuonekana tena.

Kwa hiyo mwaka huu, Juni, wakati baridi imeshuka na posa nyingine imepangwa, Haingo hakutaka bahati nasibu. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu wa shule ya msingi, na mposaji wa mara hii, Tahiry, ni kijana ambaye Haingo alimpenda mwenyewe bila kusukumwa. Asubuhi ya siku moja kabla ya siku yenyewe alimchukua baba yake mpaka pembe ya kaskazini mashariki ya nyumba, pembe ya wazee waliotangulia, akamwagia wazee wale ramu kidogo sakafuni na kumkazia macho baba.

"Baba, niapie. Kesho hakuna gari. Hutasikia kitu, na ukisikia hutasema."

"Na kama ni jambo la hatari, mwanangu?"

"Hata likilipuka. Likilipuka wewe kaa, kunja mikono, tabasamu."

Ralaivao aliapa. Aliapa kwa moyo mmoja, kwa sababu alimpenda binti huyu kuliko magari yote ya mji. Miaka miwili ile alikuwa akimwona anarudi kutoka harusi za rafiki zake na kuvua viatu kimya kimya, na kila mara alijilaumu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, alijiambia, na mara hii hajikwai.

Vololona naye alichukua hatua zake. Ua wao ulikuwa mteremko: geti juu, mpera katikati, bomba la maji chini karibu na ukuta, na nyumba ya matofali ya ghorofa moja pembeni. Siku zote ulijaa matairi, betri na makopo. Vololona alisafisha kila kitu. Hata zile kabari nne za mkaratusi ambazo Ralaivao alizichonga kwa mikono yake, za kuwekea magurudumu yasiteremke, hazikuonekana. Alipoziulizia aliambiwa aangalie chini ya sufuria la nyama. Zilikuwa zinawaka vizuri sana.

Kesho yake wakwe walifika saa nne asubuhi. Ralaivao alikuwa amesimama uani katika suti yake, shuka jeupe la heshima begani, na alijikaza asigeuze kichwa. Lakini masikio hayana kope. Gari lilifika bila sauti ya injini hata kidogo. Liliteleza tu kutoka juu kanisani, likakata kona, likaingia getini likiwa kimya kama paka, na mwenye usukani akavuta hendibreki mpaka mwisho. Lilikuwa gari la Kifaransa la zamani, jeupe, zuri, lenye breki za diski kwenye magurudumu yote manne, na ndani yake mlitoka watu saba. Kulikuwa na harufu ya moto ambayo haikutoka jikoni.

Hakuna aliyeshangaa, maana nani katika mji huu anashuka kilima na injini ikiwaka? Petroli inanunuliwa kwa chupa na vilima havina mwisho. Mtu akizima juu na kuwasha chini anaitwa mwerevu, na anayeacha iwake anaulizwa kama ameoa kwa tajiri. Ralaivao mwenyewe alikuwa akifanya hivyo zamani, kabla masikio hayajamfundisha mengine.

Dereva na mwenye gari alikuwa Bwana Andriambelo, mjomba wa Tahiry, ambaye pia ndiye aliyekuwa mshenga wa siku ile. Alikuwa mtu mrefu, mwenye fimbo na sauti ya kanisani, anayejulikana kwa hotuba zake mpaka ng'ambo ya mto. Alimsaidia Bibi Raketaka, nyanya wa Tahiry, kutoka kiti cha mbele. Bibi aliitazama ngazi ya kwenda sebuleni juu, akatikisa kichwa. Magoti yake, alisema, yalikwisha kupanda ngazi zote yalizopangiwa. Ralaivao alikimbia kumletea kiti, akamkalisha chini kidogo ya mpera, pale penye jua, akamwekea mto mgongoni. Mahali pazuri kabisa. Baadaye alikumbuka sana kwamba ni yeye aliyepachagua.

Wengine walipanda juu. Haingo alikuwa amefichwa kama inavyopasa, kwenye chumba cha chini kando ya jiko, mlango umefungwa, shangazi wawili wakilinda. Mchumba haonekani mpaka aitwe, na haitwi mpaka hotuba imekamilika. Juu walikaa safu mbili zikitazamana. Upande wa Ralaivao msemaji alikuwa Mzee Ratovo, mdogo wa umbo, macho yamesinzia, ambaye kazi yake ilikuwa kuvizia. Mshenga wa wakwe akiteleza, akisahau cheo cha mtu au kuruka hatua, Ratovo anamtoza faini. Baba wa msichana kazi yake ni kukaa.

Bwana Andriambelo alianza kwa kuomba radhi. Aliomba radhi kwamba yeye mdogo anasimama mbele ya wakubwa, akaomba radhi kwa waliokuja kutoka mbali na waliotoka karibu, kwa walioketi kulia na walioketi kushoto. Dirisha lilikuwa wazi. Tiki, tiki, likasema gari uani.

Bomba la moshi, alijiambia Ralaivao. Afya njema. Akatabasamu, na Vololona, aliyekuwa akimchunga kama maziwa jikoni, akamkanyaga kidole cha mguu.

Hotuba ikasonga. Uani kukatokea sauti ya kukoroma, glu, glu, kisha kimya. Hewa kwenye rejeta, maji yamepungua. Ralaivao alipima kwa sikio: nusu lita, si zaidi. Neno lilipanda hadi kooni. Alilimeza, na aliona fahari jinsi lilivyoshuka. Alimfikiria Haingo chini, nyuma ya mlango, akisubiri jina lake, na akakunja mikono yake kama alivyoagizwa.

Kisha ikaja sauti ya tatu. Ilikuwa fupi na kavu, krik, na ilitoka nyuma ya gari, chini, usawa wa magurudumu.

Alingoja. Mshenga alikuwa amefika kwenye sifa za ukoo wa wenyeji. Aliwasifu kwa ukarimu, kwa mashamba ambayo hawakuwa nayo, kwa ng'ombe ambao hawakupata kuwaona. Krik. Na baada ya krik hii kulikuwa na kijisauti kingine kidogo zaidi, cha changarawe mbili tatu zikisagwa.

Jasho lilimtoka Ralaivao katika baridi ile ya Juni. Alijua sasa, kama anavyojua jina lake. Watu saba wameteremshwa kilima kizima kwa breki peke yake. Diski zimepata moto hadi zikavimba, na hendibreki imevutwa zikiwa zimevimba. Sasa zinapoa. Zikipoa zinanywea, na kilichokuwa kimebanwa kinaachia kidogo kidogo. Gari halikuachwa kwenye gia, maana wateremka-vilima hawana desturi hiyo. Kabari ziko chini ya nyama. Na chini ya mpera, penye jua zuri, yuko Bibi Raketaka na mto wake mgongoni.

Akamwinamia Mzee Ratovo. "Gari linateremka," alinong'ona.

"Tulia," Ratovo alinong'ona bila kufumbua macho. "Nimeshamkamata makosa mawili. Namngoja afanye la tatu."

"Mzee, nakwambia gari."

"Na mimi nakwambia tulia. Umeapa, nchi nzima inajua umeapa."

Vololona alimtazama mumewe kwa jicho ambalo hata lori lingesimama. Ralaivao akaangalia wakwe. Tahiry, kijana wa watu, alikuwa amekaa wima, mikono magotini, midomo imemkauka kwa hofu na mapenzi. Ukinyanyuka sasa, alijiambia, umemvunjia heshima mshenga katikati ya sentensi, hawa wataondoka, na Haingo hatakusamehe. Ukikaa, kuna bibi kizee atakayegongwa kwa adabu zako. Krik, likasema gari. Mara hii changarawe zilikuwa nyingi.

Akasimama. Na hapa ndipo alipofanya kosa ambalo mtu wa Ambanidia tu anaweza kulifanya. Badala ya kupiga kelele, aliomba radhi.

"Waheshimiwa," alisema, "ninayesimama mbele yenu ni mdogo, na mdogo hasimami mahali pa wakubwa."

Bwana Andriambelo alinyamaza, akiwa ameshangaa na pia amependezwa. Wakwe waliitikia kwa vichwa. Huyu fundi kumbe amelelewa. Ralaivao alitaka kufika haraka, lakini radhi ina ngazi zake na huwezi kuruka. Aliwaomba radhi wazee, krik, akawaomba radhi waliotoka mbali, akawaomba waliotoka karibu, akawaomba akina mama, na ulimi wake ulikuwa unakwenda mbio kama anayesoma bei za sokoni. Walibaki waliokufa. Ukiwasahau waliokufa umejilaani mwenyewe na nyumba yako. Alifungua mdomo awaombe radhi waliokufa, na hapo uani krik haikuja tena. Ilikuja sauti ndefu, ya mpira ukiviringika juu ya changarawe, taratibu, halafu si taratibu.

Wafu aliwaacha bila radhi. Alipita katikati ya safu zile mbili, akamkanyaga mtu, akashuka ngazi mbili mbili na shuka la heshima likimfuata nyuma likifagia kila daraja. Juu alisikia viti vikianguka na sauti ya Vololona ikimwita kwa jina lake refu, lile la kwenye cheti.

Alipotokeza uani gari lilikuwa limesimama.

Lilikuwa limefika kwenye mpera, pua yake imepita shina, mkono mmoja tu kutoka magoti ya Bibi Raketaka. Kati ya gurudumu la mbele na shina kililala kinu, kile kikubwa cha kutwangia majani ya muhogo, kimebanwa kikalia. Na juu ya kinu, bega lake kwenye boneti, miguu imechimba ardhini, alikuwa Haingo. Alikuwa katika hariri yake nyeupe ya mchumba, na maji ya kijani ya majani ya muhogo yalikuwa yamemwagika kutoka kifuani hadi miguuni. Nyuma yake kwenye mlango wa chumba walisimama wale shangazi wawili, mmoja ameshika kitasa kilichong'oka.

Ralaivao aliingia garini, akatia gia, akavuta hendibreki mara ya pili. Kisha akatoka. Alifurahi na kuogopa pamoja, maana bibi alikuwa mzima, na posa ilikuwa imekufa. Mchumba ameonekana kabla hajaitwa, tena akiwa rangi ya mboga.

"Umeniapisha," alimwambia binti yake.

"Nimekuapisha wewe, baba," Haingo alisema, akihema. "Mimi sikuapa."

Wageni wote walikuwa wamekwisha kushuka. Walisimama kwenye mlango wa ngazi wakitazama gari, kinu, hariri. Bwana Andriambelo alikuwa mbele yao, na uso wake ulikuwa mzito. Alimwendea bibi, akamwuliza kama ameumia.

"Sijaumia," alisema Bibi Raketaka. "Nimeliona tangu lilipoondoka getini. Linakuja kidogo, linapumzika. Linakuja kidogo, linapumzika."

"Na hukupiga kelele, mama?"

"Nitapigaje kelele? Ulikuwa bado unaongea. Upande wetu haumkatizi mshenga wake." Akalipapasa bampa la gari. "Ila hotuba yako, mwanangu, ni ndefu."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Bwana Andriambelo alimgeukia Ralaivao na kumwuliza alijuaje, akiwa ghorofani, mgongo kwa dirisha. Ralaivao alimweleza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama: moto wa kilima, diski zilizovimba, zikapoa zikanywea, gia ambayo haikuwekwa. Hakuongeza wala hakupunguza. Bwana Andriambelo alisikiliza mpaka mwisho, na mtu mwenye hotuba ndefu kuliko wote ng'ambo hii ya mto na ng'ambo ile alijibu kwa maneno matatu.

"Petroli ni ghali."

Wote wakakubali kwamba ni ghali. Ilikuwa kitu cha kwanza pande mbili kukubaliana tangu asubuhi, lakini hakikutosha. Ralaivao alimwona Haingo anafuta hariri yake kwa kiganja na kuizidisha uchafu, kidevu chake kikianza kutetemeka. Alitamani gari lingemgonga yeye.

Hapo Mzee Ratovo akakohoa. Alikuwa ameshuka wa mwisho, macho yamesinzia vilevile, na sasa alijongea mbele na kuinua kidole kimoja kikavu.

"Waheshimiwa, ninadai faini," alisema. "Kosa la kwanza, mshenga amesifu ng'ombe wetu, nasi hatuna. Kosa la pili, amemtaja mjomba kabla ya baba mkubwa. Kosa la tatu ni zito. Katika umri wangu wote sijaona gari la wakwe likimfuata msichana mlangoni wakati mshenga wake bado hajafika hata kwenye kuomba."

Kwanza alicheka Bibi Raketaka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko yeye. Kisha akacheka Tahiry, kwa sababu hakuweza kujizuia tena, kisha shangazi wa kitasa. Bwana Andriambelo alijaribu kuushikilia uso wake, ukamponyoka. Alilipa faini palepale, na alilipa ya kosa la tatu mara mbili.

"Hebu niulize kitu," alisema bibi, akimnyooshea Haingo kidole. "Wewe ulikuwa chumbani, mlango umefungwa, na hawa wawili wanapiga soga. Umesikia?"

"Nilisikia, bibi. Tangu krik ya pili."

"Basi mnamtafutia hotuba gani nyingine? Mleteni kwetu haraka. Mjukuu wangu huyu hasikii hata akiitwa kula."

Lakini hakuna mtu Ambanidia anayeolewa bila hotuba. Haingo alirudishwa chumbani, akabadilishwa nguo, mlango ukaegemezwa na kiti maana kitasa hakikuwepo, na shangazi wakaanza kumlinda upya kana kwamba hakuna aliyemwona. Wageni walipanda juu. Bwana Andriambelo alirudi mwanzo kabisa na kuomba radhi zote kwa mpangilio. Bibi alibebwa juu kwa kiti chake, kwa usalama. Kabla ya yote hayo Ralaivao alisimama kidogo kwenye pembe ya kaskazini mashariki na kumalizia kwa wafu ile radhi aliyoiacha njiani.

Nyama iliyoivia kwenye kabari zake ilikuwa tamu, hilo alilikubali.

Saa kumi jioni, posa ikiwa imekubaliwa, wakwe walijiandaa kuondoka na bibi harusi wao, maana kwao kuposa na kumchukua binti ni siku moja. Sanduku la Haingo liliingia nyuma, bibi akaingia mbele, na Vololona alilia waziwazi bila kujificha. Ralaivao hakulia. Alizunguka gari mara moja, mikono nyuma, akitazama magurudumu. Bwana Andriambelo alimwambia kabla hajaulizwa kwamba ataiwasha injini na kuteremka na gia ya pili, petroli iende zake. Ralaivao alishukuru. Kulikuwa na neno jingine bado, lile la asubuhi, limekaa kifuani siku nzima, na alifungua mdomo. Kisha akamwona Haingo, akakumbuka pembe ya wazee na ramu, akafunga mdomo.

Haingo alikuwa mguu mmoja ndani ya gari. Akautoa. Alikwenda kwenye bomba chini ya ukuta, akajaza chupa ya nusu lita, akarudi nayo. Alifungua boneti la wakwe zake bila kumwomba mtu, akazungusha kifuniko cha rejeta kwa upole, akamimina. Maji yaliisha chupani, na rejeta ikajaa mpaka shingoni. Halikupungua tone wala halikumwagika tone. Akafunga, akafuta mikono kwenye shuka la baba yake, akamtazama.

Ralaivao alikunja mikono yake na kutabasamu, kama alivyoapa.